Kamba Huponyokea Viganjani

Maneno kwa timu za kuvuta kamba, wanawake na wanaume, Tanga, Jumamosi asubuhi baada ya mazoezi

Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambaye salamu hizo mbili hazijamfikia, habari za asubuhi. Kaeni, kaeni hapo hapo kwenye majani. Mwenyekiti wa michezo amenipa dakika ishirini, na nimeona birika la chai na sinia la mihogo vikipita kuelekea kule kivulini, kwa hiyo najua nashindana na nani.

Nimewatazama mkivuta. Mvuto wa kwanza mmeshinda, wa pili mmeshindwa, wa tatu mmeburutwa. Baada ya hapo nikamsikia kijana mmoja, jina lake nitalihifadhi, akimwambia mwenzake, "Miguu imeisha, inabidi turudi kukimbia Raskazone." Mdogo wangu, miguu yako haikuisha. Niliiangalia. Visigino vilikuwa vimezama udongoni, mgongo umelala vizuri, magoti bado yana akiba. Kilichokwenda ni kamba. Ilikwenda ndani ya viganja vyenu, sentimita moja, kisha mbili, na kila ilipoteleza mlilazimika kulegeza kidogo ili mshike upya. Mtu anayeshika upya, kwa sekunde hiyo, hayumo mchezoni. Wenzenu walikuwa wanaivizia sekunde hiyo hiyo.

Hebu nyoosheni viganja nivione. Haya. Huyu amechunika chini ya vidole. Yule pale, katikati ya kiganja. Na wewe dada, hadi kwenye kidole gumba. Kamba imetia saini kila ilipopita.

Kwa hiyo leo miguu na mgongo tuviache. Nataka kuzungumzia kipande cha mwili kilicho kati ya kiwiko na ncha za vidole. Nimeuliza mazoezi yenu ni yapi: mnakimbia, mnachuchumaa, mnapiga pushapu, mnavuta tairi la lori. Vizuri kabisa. Mshiko je? Mshiko mnategemea uje wenyewe, kama ndevu.

Na mchezo wetu huu ni mkatili kwa mikono. Kanuni za kimataifa zimeziba mianya yote. Watu 8 kila upande, mikono mitupu, viganja vyote viwili vikitazama juu, kamba ikipita kati ya mbavu na mkono. Hakuna fundo, hakuna kitanzi, hakuna kujizungushia. Wa mwisho peke yake ndiye anayepitisha kamba mgongoni na begani. Mshiko wowote unaoizuia kamba kutembea kwa uhuru ni kosa. Halafu uje kwenye unene: mzingo wa kamba unatakiwa uwe kati ya sentimita 10 na 12 na nusu. Ukipiga hesabu, huo ni unene wa sentimita 3 na kitu hadi 4. Baa ya Olimpiki ya wanaume, ile ya kunyanyulia vyuma, ina milimita 28. Kwenye baa kidole gumba kinavuka na kulala juu ya wenzake kama komeo la mlango. Kwenye kamba nene komeo linafika kwa shida au halifiki kabisa. Vidole vinne vinabaki kupigana peke yao.

Wazee wa vyuma walilijua jambo hili zamani. Mwingereza mmoja, Thomas Inch wa Scarborough, alikuwa na dambeli moja la kilo 78. Kwa mtu wa jimu, kilo 78 kutoka chini si habari. Hapa hapa nawaona watatu wanaonyanyua mara mbili ya hizo kwa baa ya kawaida. Lakini dambeli lile lilikuwa chuma kitupu, kipande kimoja, na mpini wake ulikuwa na unene wa karibu sentimita 6. Wanaume wenye migongo kama ya fahali waliinama, wakalishika kwa mkono mmoja, likazunguka kidogo vidoleni, likabaki pale pale. Mgongo ulikuwepo na miguu ilikuwepo, ila mkono ulikataa. Mpaka leo watu wanatengeneza nakala za dambeli hilo, na bado linaendelea kuwaaibisha watu wazima mbele ya wake zao.

(Kicheko.)

Sasa fanyeni kitu. Kwa mkono wa kushoto shikeni kigasha cha kulia, hapo chini kidogo ya kiwiko. Chezesheni vidole vya kulia kama mnapiga kinanda. Mnasikia kinachotembea? Hiyo ndiyo misuli ya vidole. Kiganjani mna misuli midogo, hasa pale kwenye kitako cha kidole gumba, lakini ndani ya vidole vyenyewe hakuna msuli unaovikunja. Mna mifupa, ngozi, na kano zinazovutwa kutoka huku juu. Pale kwenye kifundo cha mkono, kano 9 na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu vinapita njia moja nyembamba, vimebanana kama abiria wa jioni. Ndiyo maana mtu mwenye mshiko hutamjua kwa kiganja kinene. Mtazame kigasha.

La pili. Kunjeni ngumi kwa nguvu zenu zote. Vizuri. Sasa kunjeni kifundo kwa ndani, ngumi ielekee kigasha, halafu mbane tena. Imekufa, siyo? Jana hiyo ngumi ingevunja nazi, sasa haivunji yai. Misuli ya nyuma ya kigasha, ile inayofungua vidole na kuinua kiganja, ndiyo inayokishikilia kifundo kisijikunje wakati vidole vinabana. Ikichoka hiyo, ngumi inalegea hata kama misuli ya mbele ina nguvu za simba. Hilo mlikumbuke, maana mimi nililipia.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kile kidude cha springi chenye mipini miwili. Mnavijua, vinatandazwa kando ya barabara pamoja na chaja za simu na miwani ya jua. Changu kilikuwa cha plastiki nyeusi, kina kirungu cha kuongeza uzito, mwisho kimeandikwa kilo 60. Nilikibana kwenye daladala. Nilikibana nikitazama taarifa ya habari. Nilikibana kitandani mpaka mke wangu akasema mlio wa hiyo springi ni bora panya. Mara mia tatu kwa siku, kila siku, pamoja na Ijumaa na Jumapili. Mwezi wa pili ukaanza kunichoma upande wa nje wa kiwiko. Nikasema ahaa, mazoezi yanaingia. Mwezi wa tatu sikuweza kuinua kikombe cha chai. Wageni walikuja nyumbani nikawa nawakaribisha kwa mkono wa kushoto, na nyie watu wa Pwani mnajua mgeni anavyokutazama ukimpa kitu kwa kushoto. Ilinichukua zaidi ya nusu mwaka kurudi kwenye kamba.

Nilikosea wapi? Kwanza, kitu unachokibana mara mia tatu kimeshakuwa chepesi kwako, kwa hiyo hakikuongezei nguvu, kinakuzoesha tu kubana mara mia tatu. Pili, sikupumzika. Tatu, nilifunga vidole bila kuvifungua hata siku moja, na misuli ya nyuma, ile niliyowaonyesha sasa hivi, ikawa inashikilia kifundo mchana kutwa bila mshahara.

Sikilaani kidude. Springi za kweli zipo, tena za kutisha. Kampuni ya IronMind ya Marekani inatengeneza gripa za chuma ziitwazo Captains of Crush, zimepangwa kwa namba. Namba 1 imekadiriwa takriban kilo 63, na wanaume wengi wa jimu hawaifungi siku ya kwanza. Namba 3 ni kilo 127. Namba 4 ni kilo 165 na ushei. Mtu wa kwanza kutambuliwa rasmi kwamba ameifunga ni Mmarekani Joe Kinney, mwaka 1998, na waliomfuata ni wachache mno. Watu wa aina hiyo hawabani mara mia tatu kwenye daladala. Wanafunga mara tatu, mara tano, wanapumzika dakika kadhaa, wanarudia, halafu wanaiweka kabatini siku mbili tatu. Mwenye uwezo wa kununua moja anunue, haitaharibika.

Lakini kwa mvuta kamba hata hiyo naiweka nafasi ya pili, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Mshiko si kitu kimoja. Kuna kubana, kama bibi anavyokamua tui kwenye kifumbu. Kuna kufinya, kama fundi uashi anavyolichukua tofali kwa juu, vidole upande huu na gumba upande ule. Na kuna kushikilia. Springi inafundisha vidole kujifunga. Nyinyi mkiishaambiwa "chukua kamba", vidole vimeshafungwa tayari. Kuanzia hapo kazi yenu ni kukataa kufunguliwa. Wanaonielewa haraka ni watoto wa mabaharia. Jahazi likipandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, watu wote wanavuta henza, kamba ya kuupandishia, kwa pamoja, na kati ya mvuto na mvuto wanashikilia tu isirudi. Wanaimba. Mtu wa bara akiwaona anadhani ni furaha. Ule wimbo ni saa: unawaambia sasa vuta, sasa shika.

Basi kifaa cha kwanza, na kama mtachukua kimoja chukueni hiki, ni kamba yenyewe. Ile kamba yenu kuukuu iliyolala stoo, kateni kipande cha mita mbili, kipitisheni juu ya tawi la mwembe, ncha mbili zining'inie. Mkono mmoja kila ncha, ning'inia. Msitumie goli lile la kuhamishika, tafadhali. Goli ambalo halikuchimbiwa chini linaweza kuanguka na kuua mtu. Mwembe ule una tawi zuri. Anza na sekunde 15 au 20, pumzika dakika mbili, rudia mara nne au tano. Usishindane mpaka udondoke kama embe. Achia mwenyewe ukiwa bado na sekunde mbili tatu. Kila wiki ongeza sekunde tano. Ukifika dakika moja nzima, fungia kitu kiunoni au shika ncha zote mbili kwa mkono mmoja huku mguu mmoja ukigusa chini kwa kukusaidia. Ambaye hawezi kuning'inia kabisa, na wapo, hakuna aibu, aweke miguu yote chini, ajilaze nyuma kama anavuta, uzito nusu uwe miguuni.

Cha pili ni madumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, mizani iko ndani yake. Chukua mawili, tembea mita 40, weka chini, pumzika, rudi. Naona akina mama mnacheka. Chekeni tu, maana nyinyi mazoezi haya mmeyafanya tangu mkiwa wasichana, na leo nimeona kwa macho yangu kamba ikiteleza kidogo zaidi kwa wanaume kuliko kwenu. Ila mpini wa dumu ni mwembamba, unakata vidole bila kufunza mshiko mnene tunaoutaka. Viringisheni tyubu ya baiskeli kwenye mpini mpaka ufikie unene wa kamba. Huko jimu za kisasa wanauza mipira maalumu ya kuvalisha baa ili iwe nene. Tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli utapewa bure ukimsalimia vizuri.

Cha tatu, gongo la kukunjia. Kipande cha mpini wa jembe, urefu wa mikono miwili, tobo katikati, kamba ya mita moja, na dumu la lita 5 mwisho wa kamba. Unanyoosha mikono mbele, unalizungusha gongo kwa vifundo mpaka dumu lifike juu, halafu unalishusha polepole. Kulishusha ndiko kwenye kazi. Anayeliachia liporomoke amejidhulumu. Kamba iwe ya katani. Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru wa kukosa kamba ya katani: mkonge ulifika huku mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapona 62 tu, na katika hiyo 62 ndiyo yakazaliwa mashamba yote mnayoyaona njiani kwenda Muheza na Korogwe. Samahani, nimetoka nje ya mada. Mtu wa Tanga akianza mkonge hasimami.

Tofali mnalijua: lifinyeni kwa juu, linyanyueni, hesabuni hadi kumi. Inatosha, gumba halihitaji zaidi ya hapo kwa mchezo wetu.

Halafu kufungua. Hiki ndicho watu wanakidharau, na ndicho kingeniokoa mimi. Kateni tyubu pete nyembamba, upana wa kidole kimoja cha mtoto, ikunjeni mara mbili ikibidi, zungusheni nje ya vidole vyote vitano, halafu fungueni vidole dhidi yake. Mara ishirini na tano, seti mbili au tatu, hata kila siku, kwa sababu ni kazi nyepesi. Wengine hutumia ndoo ya mchele: unazamisha mkono, unafungua na kufunga vidole humo ndani, unazungusha kifundo. Mimi sithubutu kuwaambia mtumie mchele. Mtafukuzwa kwa mwiko na mimi nitatajwa. Mchanga mkavu wa pwani unafanya kazi ile ile. Nawa baadaye na upake mafuta, maana mchanga unakausha ngozi.

Lini? Kuning'inia, madumu na gongo, mara mbili kwa wiki, tatu zikizidi, na siku zote baada ya kuvuta, kamwe si kabla. Ukichosha viganja halafu ukaenda kwenye kamba, umejipokonya silaha. Na mvumilie. Msuli unaanza kuitikia baada ya wiki chache, utaona kigasha kimejaa, utajisifu. Kano zinakwenda taratibu zaidi, ni suala la miezi. Hatari iko katikati hapo, msuli umeshakuwa kijana na kano bado mtoto. Ukisikia maumivu ya uchovu ndani ya nyama, endelea. Ukisikia kuchoma mahali pamoja, kwenye kiwiko au kwenye mzizi wa kidole, simama siku hiyo hiyo. Msifanye kama nilivyofanya mimi, kuliita jeraha mazoezi.

Ngozi nayo. Sugu ni mali, lakini sugu nene iliyosimama kama kilima ndiyo inayonaswa na kamba ikang'oka na nyama. Baada ya kuoga, jiwe la kusugulia miguu lipitishe na kiganjani. Wanaume, hakuna atakayewacheka.

Mama mmoja wa uhasibu ameniuliza pembeni, "Mwalimu, mimi nina miaka 52, haya si ya vijana?" Dada yangu, nikwambie hivi. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo. Walikuwa na umri wa miaka 35 hadi 70. Wakapimwa mshiko kwa kifaa cha kubana, wakafuatiliwa kwa takriban miaka minne. Kila mshiko ulipopungua kwa kilo 5, uwezekano wa kufariki katika muda huo ulipanda kwa asilimia 16. Mshiko ulibashiri vifo vizuri kuliko hata shinikizo la damu la juu, ile namba ya kwanza daktari anayoisoma. Msinielewe vibaya: kubana springi hakumzuii Izraili. Mkono ni kama geji ya mafuta, unaonyesha kilichomo kwenye tangi zima, na ukiisukuma geji kwa kidole tangi halijai. Lakini mtu anayebeba madumu, anayening'inia, anayevuta, hajazi geji peke yake. Na ukitaka faida ya karibu zaidi: siku ukijikwaa kwenye ngazi ukiwa na miaka 75, kitakachokuokoa ni ulivyolikamata lile bomba la pembeni.

Wenye presha ya kupanda, sikilizeni hapa. Kushikilia kwa nguvu kunapandisha presha wakati ule ule unaposhikilia, na ukizuia pumzi inapanda zaidi. Pumua. Hesabu kwa sauti, mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Ipo njia ambayo watafiti wameijaribu kwa watu wa presha, kubana kwa asilimia 30 tu ya nguvu zako, dakika mbili, mara nne, siku tatu kwa wiki, na kwa wengi presha ya kawaida ilishuka. Lakini hiyo muiulize kwanza hospitali, na dawa msiache. Mimi ni mtu wa kamba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naam, namaliza, mihogo inapoa.

Kabla ya chai tufanye kitu kimoja. Kipande cha kamba nimeshakitundika mwembeni tangu alfajiri, na huyu dada wa stoo ana daftari na simu yenye saa. Kila mmoja ataning'inia mara moja, sekunde zake ziandikwe mbele ya jina, pamoja na mwenyekiti. Wiki sita zijazo nitarudi na daftari hilo hilo. Nani anaanza? Wewe uliyesema miguu imeisha, njoo.